Mama (67) anataka sindano ya ARV aachane na vidonge, kwa umri wake inawezekana?

Mtoto wa Makambako

Habari za muda huu wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Naombeni mawazo maana hapa nimekwama.

Mama yangu ana miaka 67 yupo Makambako, anaishi na VVU miaka mingi, dawa alianza 2006 mwaka mmoja baada ya mzee kufariki. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri mno, HVL yake ya mwisho (kipimo cha wingi wa virusi) virusi havionekani, bustani yake ya mboga analima mwenyewe, kwaya anaimba sauti ya pili, ukikutana naye njiani huwezi kudhani. Presha na sukari anazo, zote zilikuja baada ya kugonga 60.

Sasa wiki mbili zilizopita kanipigia, mwanangu kuna kitu kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp eti sindano ya UKIMWI imetoka unachomwa mara mbili kwa mwaka yameisha, wewe uko Dar huko hebu niulizie. Mimi nikachukulia poa, nikamwambia sawa mama nitauliza, nikasahau. Jana dada yangu ananipigia analia, tarehe ya mama ya kuchukua dawa imepita siku nne na hajaenda, ukimuuliza anasema anasubiri sindano, kwani mdogo wako hajakwambia? Yaani mimi ndo nimekuwa sababu. Kopo lina vidonge vya kama siku kumi hivi.

Kwahiyo maswali yangu, hiyo sindano ipo hapa kwetu? Mtu wa 67 mwenye presha na sukari anaweza kuchomwa? Na akichomwa vidonge anaacha kabisa au anaendelea navyo? Wenye uelewa tafadhali, utani wa ngoma na miwaya bakini nao huko huko.

---

Bosi wa Mbezi

Ipo mkuu inaitwa lenacapavir, unachomwa tumboni mara mbili kwa mwaka. Walifanya utafiti Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja aliyepata. Mwambie mama atulie asubiri, vidonge vimeshapitwa na wakati

---

Nesi wa Zamu

Bosi wa Mbezi naomba nikupinge bila kukuvunjia heshima, ulichoandika hapo juu ndo hicho hicho kinachowafanya wazee wetu waache dawa. Mleta mada soma taratibu, nitaandika kirefu, nimekaa CTC (kliniki ya VVU) miaka kumi na nne na hii habari ya sindano naulizwa kila siku ya kliniki.

Kwanza hizo ni sindano MBILI TOFAUTI na watu wanazichanganya. Lenacapavir inayosambazwa kwenye simu ni ya KINGA, anachomwa ambaye HANA virusi ili asipate. Utafiti anaousema ndugu yetu ni kweli ulikuwepo, matokeo yalitoka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, lakini hao wote walianza wakiwa hawana. Ukimchukua mama mwenye virusi ukamchoma lenacapavir peke yake ukamwachisha TLD, kile kidonge cha ARV cha kila siku, umempa dawa moja, na virusi vikikutana na dawa moja tu vinaizoea. Kwenye matibabu ipo lakini inachanganywa na dawa nyingine, na ni kwa watu ambao virusi vyao vimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Mama yako siyo huyo.

Sindano ya TIBA ni nyingine, ni dawa mbili, cabotegravir na rilpivirine. Unachomwa zote siku moja, moja tako la kulia moja la kushoto, baada ya mwezi unarudia, halafu ndo inakuwa kila miezi miwili. Miwili siyo sita. Marekani walianza kuiruhusu Januari 2021, na Julai 2025 kwenye ule mkutano wa UKIMWI wa Kigali Shirika la Afya Duniani likasema na nchi zetu zinaweza kuitumia kama chaguo la pili kwa mtu ambaye tayari virusi vimefubaa (havionekani kwenye kipimo) na hana homa ya ini B. Kwenye CTC yetu haipo, na sijaona waraka wowote wa kusema tuanze. Kwahiyo mama akisubiri anasubiri kitu ambacho hakina tarehe. Naomba hili umwambie leo, usingoje kesho.

Akishachomwa, ndiyo, vidonge vya ARV anaacha. Ila sasa kwa mtu wa umri wake kuna mambo lazima yaangaliwe kwanza.

Homa ya ini B. Kile kidonge cha TLD ndani kina dawa tatu, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za mwanzo zinafanya kazi ambayo wagonjwa wengi hawaijui, zinakaba pia homa ya ini B. Kuna watu wana VVU na homa ya ini B kwa pamoja hawajawahi hata kujijua kwa sababu TLD imeifunika miaka yote. Ukimpa sindano ukamtoa TLD ile ya ini inabaki haina wa kuizuia na inaweza kuamka kwa hasira, ini likachafuka vibaya. Kwahiyo muulize mama kama aliwahi kupimwa HBsAg, kipimo cha hiyo homa ya ini B, nadhani atakwambia hajui ni nini.

Halafu historia yake ya dawa. Ameanza 2006, maana yake amepita nevirapine, pengine na efavirenz, kabla ya kuhamishiwa TLD. Rilpivirine ni ukoo mmoja na hizo. Kama huko nyuma virusi viliwahi kupanda akiwa kwenye nevirapine, usugu unaweza kuwa umejificha mpaka leo. Nisikutishe lakini, kuna utafiti wa CARES ulifanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini, watu 512, wengi walishapita dawa hizo hizo za zamani, na baada ya wiki 48 waliokuwa wamefubaa vizuri ni asilimia 96.9 kwa waliochomwa na 97.3 kwa waliobaki na vidonge. Sawa kwa sawa. Ila wale walikuwa watu wa makamo zaidi, siyo wazee wa 67 wenye sukari. Hata karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe kule Marekani imeandika kwamba waliofikisha 65 kwenye tafiti hawakutosha kuweza kulinganisha. Haimaanishi haiwafai, inamaanisha unamwangalia kwa makini, ini, figo, na dawa nyingine anazomeza.

Dawa nyingine sasa. Mzee akipata TB, na wazee wanapata, rifampicin, dawa ya TB, haichangamani kabisa na sindano hii, inaishusha. Dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin hivyo hivyo. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda kumchoma ndani ya msuli ni kumtafutia kuvuja damu humo ndani. Presha na sukari zenyewe hazimzuii kuchomwa.

Na ambalo wengi hawalijui, sindano ukishachoma huwezi kuichomoa. Kidonge kikikuletea shida unaacha kinatoka mwilini ndani ya siku chache. Hii inaweza kukaa mwaka mzima au zaidi inatoka kidogo kidogo. Sasa mtu akipitisha tarehe, akae miezi mitano hajarudi, mwilini inabaki dawa kiduchu, haitoshi kuua lakini inatosha kufundisha virusi. Na cabotegravir ni ndugu wa dolutegravir, usugu ukiingia hapo unaweza kugusa mpaka hiyo TLD ambayo ndo tunaitegemea nchi nzima. Tarehe yake ni siku saba kabla au saba baada, zaidi ya hapo inabidi upigwe mahesabu upya.

Mama aende kesho akachukue kopo. Hakuna atakayemfukuza kwa kuchelewa siku nne.

---

Babu Saa Mbili

Kijana pole. Mimi nina 63 na namwelewa mama yako kuliko unavyofikiri.

Nilianza 2005 na Triomune, vijana wa leo hamuijui hiyo. Asubuhi na jioni, saa kumi na mbili katikati, nilikuwa nameza taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi ikianza na ya saa mbili usiku ikianza, ndo jina hili lilipotoka. Ile dawa iliniokoa lakini ilinifanya nyayo ziwake moto kama nimekanyaga makaa, usiku naziweka kwenye beseni la maji ndo nipate usingizi, na mashavu yakaingia ndani mpaka watu wakajua bila kuambiwa. Baadaye wakaniondoa huko wakanipa yenye efavirenz, hiyo sasa ndoto zake acha tu, nimeshawahi kuota napigana na marehemu mjomba mpaka nikamtandika teke mke wangu. Halafu 2019 ikaja hii ya sasa, kidonge kimoja, hakina ndoto, hakina moto wa miguu. Mimi nikasema hapa hapa nimefika, mtu asinihamishe tena!

Ninachotaka kusema, hesabu vidonge vya mama kwa siku. Mimi nina viwili vya presha, kimoja cha mafuta, metformin ya sukari asubuhi na jioni, na cha ARV. Jumla sita. Nikichomwa sindano vinabaki vitano. Sasa nimepata nini hapo? Na kwa kwenda kituoni, sasa hivi nachukua dawa za miezi sita, naenda mara mbili kwa mwaka, nauli elfu nane kwenda na kurudi. Ya sindano ni mara sita. Eti ndo wananirahisishia!

Lakini nisiwe mbinafsi. Jirani yangu ana miaka 74, kichwa kimeanza kumwacha, leo anameza mara mbili kesho hamezi kabisa na anaapa kameza, mkwe wake ndo anahangaika naye, anahesabu vidonge kwenye kopo kila jioni kama mwenye duka anavyohesabu mauzo. Mtu kama yule ningekuwa na uwezo ningemchoma hata leo.

Makambako ni mkoa wa Njombe si ndiyo? Ule utafiti wa taifa wa 2022/2023 uliikuta Njombe asilimia 12.7 wakati nchi nzima ni 4.4. Mama asijione peke yake kwenye hiyo kwaya, mimi nakwambia.

---

Mtanga Ughaibuni

Assalam aleikum, na wengine habari zenu. Mimi nimesoma nikaona nichangie kwa sababu naongea kama mchomwaji siyo kama msomaji. Niko Uingereza toka 2001, umri 64, sindano nilianza 2023.

Sababu yangu haikuwa uvivu wa kumeza. Figo zilianza kushuka, na tenofovir kwa mtu mzima inaweza kugusa figo na mifupa, daktari akanipa machaguo mawili, dawa nyingine za vidonge au sindano. Wakanipima homa ya ini B sina, wakachimba mafaili ya nyuma kuona kama nina usugu sina, wakasema haya.

Siku ya sindano iko hivi. Nesi anatoa boksi kwenye friji, ile rilpivirine inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, anaiacha mezani kidogo ipoe ule ubaridi maana ikiingia na baridi yake utaijua. Ni dawa nyeupe nzito kama tui la kwanza. Anaitikisa chupa, anavuta, unalala ubavu, mililita 3 upande huu, geuka, mililita 3 upande huu. Kuchoma kwenyewe siyo tatizo, tatizo ni kesho yake, ukikaa kwenye basi unakaa kwa tako moja kama mtoto aliyechapwa. Siku mbili tatu imeisha. Mara ya kwanza nikapata kauvimbe kama kunde, nikikagusa kanateleza, kakaisha chenyewe. Nesi aliniambia watu wenye mwili mkubwa wanachomwa na sindano ndefu zaidi kwa sababu dawa lazima ifike kwenye msuli siyo kwenye mafuta, na sisi wazee misuli nayo inapungua, kwahiyo kila mara ananipapasa kwanza kutafuta pa kuchoma.

Faida nimeiona. Asubuhi nikiamka sikumbushwi. Miaka ishirini na kitu kila siku kopo linakwambia wewe ni nani, halafu siku moja halipo. Hilo siwezi kulieleza vizuri, anayejua anajua.

Lakini sikiliza na hili. Mwaka jana dada yangu alifariki Tanga, nikapanda ndege kwenda kuzika. Ndugu wakasema baki mpaka arobaini, na mimi mwenyewe nilitaka, nikikumbuka sindano yangu inaangukia katikati. Kwa Tanga nzima ningempata nani wa kunichoma? Nikapiga simu kliniki yangu huku bahati nzuri kabla sijaondoka walikuwa wamenipa vidonge vya akiba, wakanielekeza vya kumeza mpaka nirudi. Yaani nilikaa kwenye msiba nameza vidonge kwa kujificha nyuma ya choo kama 2001, baada ya kuvisahau miaka miwili. Nikajicheka mwenyewe.

---

Nyar Kisumu

Mimi niko Kenya na nimefanya kazi ya kujitolea kwa CCC, kliniki ya VVU ya kwetu, niongeze tu kitu kimoja halafu niende. Watu wanasema sindano sindano lakini hamuulizi ni nani atadunga. Hapo mwanzo wa 2025 Marekani waliposimamisha misaada, kwetu wafanyakazi wengi walitumwa nyumbani ndani ya wiki moja, wagonjwa wakija wanakuta mlango umefungwa. Wale wa vidonge walikuwa na akiba ya miezi mitatu, wengine sita, wakavuka. Sasa fikiria kama wote wangekuwa kwa sindano ya kila miezi miwili, na friji, na nesi, na tarehe haiwezi songa. Wangefanya aje?

Siipingi. Mwaka huo huo Julai wenye dawa walipanua leseni ili kampuni zinazotengeneza dawa za bei nafuu ziweze kutengeneza cabotegravir ya matibabu pia, siyo ya kinga peke yake, kwa hivyo bei itashuka. Lakini ikija nataka ije na nesi wake.

Mama asiwache dawa jameni

---

Bosi wa Mbezi

Nesi nimekuelewa, nilisoma juu juu. Nimefuta nilikokuwa nimeforwadi kwenye grupu la ukoo pia

---

Mtoto wa Makambako

Wakuu Mungu awabariki, nimesoma zote mara mbili nikampigia mama jana usiku tukaongea karibu saa nzima, nadhani haijawahi kutokea toka nihamie Dar.

Nikaanza na la kinga na tiba, akaelewa haraka kuliko nilivyodhani. Nikamwambia na hiyo ya tiba yenyewe ni kila miezi miwili, na ni makalioni, mbili kwa mpigo. Kimya. Nikadhani simu imekata. Akaniuliza, makalioni? Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, na pale kituoni wakati mwingine anakuwepo yule kijana uliyesoma naye sekondari? Nikamwambia anaweza kuwepo. Akasema basi, kopo nalifuata kesho asubuhi. Na leo kweli kalifuata, dada kanitumia picha.

Ila sababu yenyewe kumbe siyo uchovu wa kumeza. Kwaya yao inasafiri, Iringa, Songea, mwaka huu wanataka kwenda Mbeya, na wanalala kina mama wote chumba kimoja kwenye magodoro chini. Anasema kila safari anaanza kuwaza kopo kabla hajawaza nguo, kulisikia likilia kwenye begi, kutafuta pa kumezea usiku taa ikiwa inawaka na watu wanapiga stori. Safari ya Songea hakumeza siku tatu, hakuwahi kumwambia mtu. Aliniambia, nilitaka nisafiri na mkoba ambao hauna siri. Nilishindwa kujibu.

Hilo la kelele nilimwambia aweke pamba ndani ya kopo kuna mtu aliwahi kunishauri, akanicheka sana, anasema pamba kaijua toka 2007 mimi nikiwa darasa la tatu.

HBsAg hajui ni nini, kama Nesi alivyosema. Leo ameuliza, wameambiwa vipimo vimeisha aende hospitali ya mji.

---

Nesi wa Zamu

Safi sana. Aende kupima hata kama sindano haitakuja miaka mitano, ni vizuri kujua.

Swali moja, kwanini anameza usiku? Saa ngapi hasa?

---

Mtoto wa Makambako

Saa tatu usiku kila siku, hajawahi kubadilisha, simu ina alamu. Kwani ina shida?

---

Nesi wa Zamu

Haina shida, ila nilihisi tu. Muulize nani alimwambia usiku, na lini.

---

Mtoto wa Makambako

Nimemuuliza. Anasema ndivyo walivyomwelekeza walipombadilishia dawa, kama 2014 hivi, waliambiwa meza ukienda kulala kwa sababu inalewesha.

---

Nesi wa Zamu

Ndo hapo sasa! Iliyokuwa inalewesha ni efavirenz, ile ya ndoto za Babu Saa Mbili. Hiyo aliacha alipohamia TLD miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekaa naye kumwambia kwamba amri ya usiku ilikwisha pamoja na dawa yake. Tunao wengi sana hawa, na kosa ni letu sisi tulioko mezani, unampa mtu kopo jipya unamwambia endelea kama kawaida.

TLD anameza saa yoyote, kwa chakula au bila chakula, muhimu ni saa ile ile kila siku. Kwahiyo anaweza kuihamishia asubuhi pamoja na za presha. Asubuhi hajifichi, mama wa 67 kumeza vidonge na chai ya asubuhi nani atashangaa? Kuhama ni rahisi, leo usiku ameze kama kawaida, kesho asubuhi ameze nyingine, kuanzia hapo asubuhi tu. Mara moja hiyo haimdhuru. Kwa safari za siku tatu nne anaweza kuzitia kwenye kale kaboksi ka vyumba vya siku, na za presha humo humo, kopo likabaki nyumbani. Kasipate maji wala joto tu.

Mawili ya kuangalia. Metformin anameza kiasi gani kwa siku? Dolutegravir inaipandisha kwenye damu, kwahiyo kwa kawaida hatuvuki miligramu 1,000 kwa siku mtu akiwa kwenye TLD, aonyeshe kadi zote mbili kwa daktari mmoja, siyo ya sukari kwa huyu ya CTC kwa yule. Na kama anatafuna vile vidonge vya kiungulia, au anakunywa vya madini ya chuma au kalsiamu, vya kiungulia visiende pamoja na TLD, ameze TLD kwanza vingine baada ya saa mbili. Vya chuma na kalsiamu akila navyo chakula vinaweza kwenda pamoja.

Na za Songea, mwambie hakuna wa kumgombeza, lakini aseme kliniki ili HVL ijayo waisome wakijua.

---

Babu Saa Mbili

Mimi na chai toka 2019 sikuambiwa na mtu, nilijiamulia. Kumbe nilikuwa sahihi 😂

---

Mtanga Ughaibuni

Nesi umenifanya nimkumbuke marehemu dada, naye alikuwa anameza saa nne usiku mpaka mwisho. Hakuna aliyemuuliza.

---

Mtoto wa Makambako

Mrejesho wa mwisho wakuu, samahani nilichelewa.

Metformin ni 500 asubuhi na 500 jioni, kwahiyo yuko ndani ya mstari. Amepima homa ya ini B hana, na dokta kamwambia kuna chanjo yake anaweza kuchanja, ameweka kwenye mipango. Za Songea kasema mwenyewe, wamempangia HVL nyingine.

Wiki iliyopita kwaya imeenda Mbeya. Dada alimnunulia kaboksi ka Jumatatu mpaka Jumapili, ka rangi ya bluu. Asubuhi ya kwanza wamekaa wanakunywa chai na maandazi, mama kakafungua mezani kabisa akamimina mkononi. Mwenyekiti wa kwaya kamuuliza mama hizo zote za nini, akamjibu za presha. Mwenyekiti kasema ahaa, kaingiza mkono kwenye mkoba na yeye katoa zake za presha, wakameza pamoja.